Zakia Alivyonyamaza Mbele ya Posa

Wazazi wenzangu wenye mabinti, nisikieni. Nimeishia darasa la saba, lakini simulizi za mapenzi za kwenye simu nazijua. Tukimenya njegere hapa Malindi ya milimani, siyo ile ya pwani, mwanangu Zakia ananisomea. Ni tamu, sikatai. Nimeshaunguza maharage kwa ajili ya tajiri aliyekuwa anapiga magoti. Nyingine ovyo kabisa: mama wa kijana kazikwa sehemu ya tatu, sehemu ya nane yuko jikoni anapika pilau.

"Mama, mwandishi kasahau!"

"Na wewe sahau, twende ya tisa."

Zote zinapita njia moja. Mwanamume mkorofi anaomba uchumba, msichana ananyamaza, mwanamume anakonda kwa mawazo, anarudi mpole.

Ikaja barua ya posa ya Hamza, mfuga ng'ombe wa Kwai. Zakia alishaniambia hamtaki. "Ananifokea kama ndama wake." Nikamwambia, ukiulizwa, sema.

Baba yake alishafariki, hivyo wa kumuuliza ni baba yake mdogo, Mussa. Akaja na wazee wawili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hamza wa Kwai unamtaka?"

Zakia akaangalia mkeka.

"Nauliza tena, mwanangu."

Kimya. Na kwetu binti akinyamaza, amekubali. Mussa akacheka. "Anaona aibu. Karidhia huyo! Tupange siku."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Mwanamke haingii kikao kile bila kuitwa. Nikaingia.

"Shemeji, hajaridhia."

"Umejuaje, na hajasema kitu?"

"Anangoja mwenzake akonde kwanza."

"Nani akonde?"

"Hamza. Kwenye simu ndiyo huwa hivyo."

Mzee mmoja akakohoa, kumbe anacheka. Mussa hakucheka. "Zakia, sema kwa mdomo wako. Nikitoka hapa nimeshajibu."

Zakia akalia. "Nilidhani nikinyamaza atabadilika, aje aongee na mimi vizuri."

"Na asipobadilika?"

"Simtaki, baba mdogo."

Barua ikarudi Kwai siku ileile. Ni wiki ya pili sasa Mussa ananisalimia kwa mbali, kwamba nilimuaibisha mbele ya wazee. Sawa tu.

Simu sijamnyang'anya. Tunasoma bado, na wenzangu fanyeni hivyo, msiwaache wasome peke yao. Msichana wa simulizi akinyamaza, namwambia Zakia asimame hapohapo, namuuliza: huyu angekuwa wa hapa Malindi, saa hizi angekuwa keshaolewa na nani?