Mkono wa Mkufunzi

Asubuhi ya kuruka peke yake, dereva wa gari la wagonjwa aliwahi uwanja wa ndege akiwa amevaa shati jeupe aliloshonewa na dada yake. Mgongo wa shati hilo ulishikizwa kwa uzi dhaifu, makusudi, ili mkasi usipate taabu. Pale klabuni mwanafunzi wa urubani akisharuka peke yake hukatwa shati mgongoni, kipande kikaandikwa jina lake na kutundikwa ukutani. Wanasema zamani mwalimu alikaa nyuma ya mwanafunzi, na kila alipotaka kumwonya alimvuta shati. Ukisharuka peke yako, hakuna tena wa kukuvuta.

Ukuta ulijaa migongo ya wanaume. Pembeni, karibu na friji la soda, zilining'inia ncha za mikono ya shati, zote za bluu, kila moja na kifungo chake, hakuna iliyoandikwa jina. Siku moja dereva alimuuliza katibu wa klabu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, zile ni za nini. Katibu alimjibu kuwa ni mapambo, akaendelea kufuta meza.

Mkufunzi hakumpenda dereva na hakujisumbua kuficha. Wanafunzi wengine aliwaita kapteni tangu siku ya kwanza. Yeye alimwita bibi wa king'ora. Akitua vizuri, alisema upepo umemsaidia. Akitua vibaya, alisema si alijua tu. Dereva naye hakumpenda hata chembe, ila alimvumilia kama jino bovu, akingoja siku ya kuling'oa, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Bila kuruka peke yake hangeruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, na bila leseni angezitazama ndege kupitia kioo cha gari la wagonjwa mpaka astaafu.

Ndege ilikuwa ya viti viwili, nyepesi, ya kusukumwa na watu wawili kutoka bandani. Katikati ya viti ilisimama fimbo moja ya usukani, ya kushikwa na wote. Waliruka pamoja mizunguko michache, mkufunzi akiguna njia nzima. Kisha akamwambia asimame kando ya njia ya kurukia bila kuzima injini, akafungua mkanda wake.

"Zunguka mara moja, utue," alisema. "Mkono nakuachia."

Akaushika mkono wake wa kushoto penye kifundo, akauzungusha kama mtu anayefungua globu, ukatoka pamoja na ncha ya shati lake la bluu. Akauacha umeishika fimbo, akafunga mlango, akaenda kusimama kwenye uzio, walipokuwa katibu na dada wa dereva. Dada, mtu wa adabu zake, alimwamkia na kumpa pole ya mkono. Mkufunzi alimwambia kwamba kwa wanafunzi wa aina ile ni lazima.

Ndege iliyopungukiwa na mtu mzima mmoja hupanda upesi, na hii ilipanda upesi. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Chini yalipita mabati ya hospitali, na gari lake mwenyewe likiwa limeegeshwa mlangoni, dogo, jeupe, halimhitaji. Dereva alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Mkono haukufurahi. Kila alipokata kona, ulisahihisha kona isiyokuwa na kosa. Alipoitazama hospitali kidogo tu, ulimchapa goti na kurudi kwenye fimbo. Aliuvumilia. Lakini alipoielekeza ndege kwenye njia ili atue, mkono uliivuta fimbo nyuma na kuikaza. Pua ya ndege ikainuka, mwendo ukaanza kupungua. Ndege ikipoteza mwendo karibu na ardhi, mabawa huacha kushika hewa, na hapo hakuna tena cha kusahihisha. Dereva alilijua hilo. Mkono nao ulilijua, kwa kuwa ndio uliomfundisha.

Akaibana fimbo kwa mkono wake wa kulia, na kwa wa kushoto akaanza kuvibandua vidole vile, akianzia kidole cha mwisho. Alipojipinda, uzi dhaifu wa dada yake uliachia na shati likafunguka mgongoni kutoka juu mpaka chini. Kidole gumba ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, akakiuma. Mkono ulipoachia, aliutia kwenye mfuko wa ramani mlangoni, akaukandamiza kwa goti. Ukamfinya paja mpaka ndege ikafika chini. Magurudumu yaligusa lami taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha sinzia.

Mkufunzi alikuja akiulizia mkono wake kabla ya kuuliza lolote lingine. Akaurudisha mahali pake, akavikunja vidole kimoja kimoja.

"Umetua vizuri," aliuambia.

"Nimetua mimi," dereva alisema. "Huo ulikuwa mfukoni."

"Kwa hiyo ulikuwemo?"

"Ulikuwemo."

"Basi hukuwa peke yako."

Dada alisema kwa sauti kwamba huo ni wizi wa mchana kweupe. Mkufunzi alimjibu kuwa hakuita fundi cherehani. Wanaume wa klabu walikuwa wamekwisha kusanyika, na katibu akaja na mkasi. Ingawa alikwisha sikia yote, dereva alijikuta amegeuka na kuutoa mgongo wake, uliokwisha kuwa wazi. Mkasi ulimpita. Ukakata ncha ya shati la mkufunzi pale kwenye kifundo, wanaume wakapiga makofi, na mkono ukawainulia kidole gumba chenye alama za meno.

Dada alimfunga shati kwa pini. Dereva aliingia ndani. Katibu alikuwa amepanda kiti, anaigongomelea ile ncha mpya ukutani, kando ya zile nyingine.

"Ulisema ni mapambo," dereva alimwambia.

"Ile ya kando ya friji ni yangu," katibu alisema bila kugeuka.

Dereva aliitazama. Bluu yake ilikuwa imepauka na kifungo kimeota kutu.

"Ulitua vizuri?"

"Vizuri sana. Nilikuwa nimeukalia."

Akashuka kwenye kiti, akavaa miwani yake, akamuuliza amwandikie Jumamosi ipi ya kuruka tena.