Jostiki Aliyegoma Kuzikwa

Jana mchana, baada ya kula ugali na dagaa, Kalunde alijinyoosha kwenye kochi, na usingizi haukumaliza hata kumfunika vizuri akaota amefiwa.

Hakuambiwa na mtu. Alitoka uani akakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na sufuria kubwa ya wali iko motoni. Hiyo ni taarifa tosha. Akajitanda kanga, akaketi mkekani, akaanza kulia. Alipokwisha kupata mdundo mzuri wa kilio ndipo akamgeukia aliyekaa naye.

"Samahani, amefariki nani?"

"Jostiki, kile kijiti cha kuchezea michezo," alijibu yule, ambaye alikuwa spika ya kompyuta. "Na wanawe wawili, Pedi na Pedi. Ukoo mzima."

Sasa Kalunde akalia kwa kweli. Zile pedi mbili ndizo zilizomwozesha. Alipomfahamu Mihayo, kijana huyo wa Tabora alikuwa na kompyuta kuukuu, benchi fupi na pedi mbili za vitufe, za kuchezea michezo. Wakacheza mpira wa kwenye kompyuta, Kalunde akamfunga, Mihayo akadai pedi yake mbovu, wakabadilishana, akafungwa tena. Walizozana hivyo mpaka posa ikapelekwa. Siku hizi Mihayo alikuwa akichezea kibodi na kipanya, amejiziba masikio kwa vipokea sauti, akipigana vita pamoja na watu asiowajua hata sura. Akiitwa kula, aliinua kidole kimoja, maana yake bado.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni Kibodi. Anasimama, anakohoa, herufi mbili zinamdondoka kifuani. Anaziokota, anazirudisha bila haya.

"Ndugu waombolezaji," anasema, "marehemu alikuwa mtu wa vidole gumba. Alikuwa na heshima zake, lakini dunia ilimwacha. Siku hizi watu wanalenga shabaha. Marehemu akimlenga adui kichwani, alipiga bati la jirani."

"Sijafa," sauti inasema kutoka ndani ya jeneza.

Kibodi anatazama saa. "Marehemu, ratiba imeshatoka."

"Lakini si mnanisikia nikiongea?"

"Tunakusikia. Mwishoni kuna neno la shukrani kutoka kwa familia. Utapewa nafasi."

Wasifu ulisomwa na Kipanya. Kalunde alitegemea kile cha mezani, kumbe ni panya kamili, amevaa koti, mkia wake umechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Kila alipotaka kufungua ukurasa, mzee aliyekaa karibu alimbonyeza mgongoni mara mbili.

"Mchezaji akigongwa, marehemu alitetemeka mikononi mwake," alisoma Kipanya. "Mimi sijawahi kutetemeka kwa ajili ya mtu." Ilibidi abonyezwe tena ndipo akaendelea.

Ule ua ukawa hauko. Wako makaburini, na makaburi yako nyuma ya kompyuta, kwenye vumbi na nyaya. Kaburi ni tundu dogo jembamba. Wachukuzi wanalisukuma jeneza, haliingii. Wanaligeuza, haliingii. Wanaligeuza tena kama lilivyokuwa mwanzo.

"Tundu la kumchomeka halitengenezwi tena kwenye kompyuta," anasema mchimba kaburi.

"Sukumeni," anasema Kibodi.

"Nilisema sijafa," inasema ile sauti, "na sasa mnanivunja pini."

Kalunde alitaka kunyoosha mkono. Mkono ukagoma, lakini vidole gumba vyake viwili vikasimama vyenyewe, vikainama kwa adabu.

"Msimzike," alisema. "Kibodi ni moja, inakaa mtu mmoja. Pedi zilikuwa mbili. Mkiwafukia hawa, mimi nitakaa wapi?"

Waombolezaji wakaguna. Kibodi akamtazama kwa huruma ya kiofisi.

"Mama, hilo si suala la kamati. Hilo ni la mumeo. Yule pale."

Kweli, Mihayo alikuwa miongoni mwa wachukuzi, amebeba upande wa kushoto, vipokea sauti masikioni.

"Mume wangu," Kalunde alimwita.

Mihayo akainua kidole kimoja.

Kalunde alivumilia kidole hicho miaka mingi mezani. Makaburini hakukivumilia. Alimsogelea, akapanda juu ya waya ili apate urefu, akamtia kiwiko cha mbavu kilichojaa. Mihayo akaachia jeneza. Jeneza likaanguka, kifuniko kikafunguka, Jostiki akatoka akijipangusa vumbi, na wanawe wawili nyuma yake wameshikana nyaya.

"Neno la shukrani," alisema Jostiki, akaondoka zake kwenda kula wali.

Kalunde alizinduka kwenye kochi. Jua bado lilikuwa kali dirishani. Mihayo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, vipokea sauti amevishusha shingoni, anajipapasa ubavu.

"Kalunde," alisema, "umenipiga kiwiko?"

Kati yao palikuwa na meza, feni na upana wote wa sebule.

"Mimi niko huku."

"Nakuona uko huko. Nauliza kama umenipiga."

Kalunde alifikiri kidogo. "Nimekupiga."

Mihayo akaguna. Kwenye skrini mtu wake alikuwa ameshauawa, na wenzake wa mbali walikuwa wakimtukana kwa lugha asiyoijua. Hakuwageukia.

"Nimekosa nini?"

"Sogea, nikueleze."

Akasogea. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, kwa hiyo wakakigawana, kila mmoja tako moja kitini na jingine hewani, na maelezo yakawa marefu.