Chumba Kilichohamia Ng'ambo

Jumatatu asubuhi Mchoraji alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamalizia viatu vya kinyozi. Kinyozi mwenyewe, kuanzia magotini kwenda juu, alikuwa kwenye shuka jingine, limekunjwa chini ya kitanda cha Bibi pamoja na mabega, magoti na mbwa wa mtaa mzima.

Chumba kilikuwa kimoja na nusu yake ilikuwa kitanda. Kwa hiyo Mchoraji, ambaye mkate wake ulitoka kwenye mabango ya maduka, alikuwa akiichora picha yake kubwa shuka kwa shuka tangu amalize shule. Ilikuwa picha ya mtaa wao wote, kila mtu kwa kimo chake halisi. Hakuwahi kuiona nzima, wala nusu. Alikuwa kama mtu anayemjua mchumba wake kwa kiwiko na kisigino tu.

"Siku nikifa," alisema Bibi kutoka kitandani, "nitazikwa na sanda yenye sura ya muuza mkaa."

"Usife kwanza, Bibi. Muuza mkaa bado hana pua."

Ukuta wa kuitosha picha hiyo ulikuwepo mmoja tu mjini. Ulikuwa ndani ya Nyumba ya Wasanii, ghala la zamani upande wa pili wa barabara kuu, ambako wasanii wa nchi mbalimbali walialikwa kukaa, kula na kufanya kazi msimu mzima. Mchoraji aliomba nafasi kila mwaka, na kila mwaka Mkurugenzi alimkaribisha chai kwa heshima zote.

"Kazi yako nzuri sana, dada," alimwambia na safari hii. "Lakini sisi mpango wetu ni kuwaleta wasanii mjini. Wewe tukulete vipi? Tayari upo."

"Mimi naomba ukuta tu. Kitanda ninacho. Nusu, lakini ninacho."

"Ukuta ni wa wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si ndivyo walivyosema wazee?"

"Sasa mwenyeji anapona lini?"

Mkurugenzi alicheka sana, kwa sababu alipenda watu wachangamfu, akamsindikiza mpaka getini.

Kesho yake chumba kilikuwa ng'ambo.

Hakikusogea. Mlango ulikuwa palepale, kati ya fundi cherehani na choo cha wapangaji. Ila Mchoraji aliporudi na ndoo ya maji, masikio yalimziba kizingitini kama ya mtu anayepanda mlima, na simu ikalia: *Umetoka nje ya nchi. Gharama zako za simu zitabadilika. Tunakutakia safari njema.* Nje jua lilikuwa kali. Ndani ulikuwa bado usiku, na baridi. Bibi alikuwa amevaa sweta juu ya sweta.

"Funga mlango," alisema. "Unaniingizia joto la kigeni."

Kabla ya chakula cha mchana mtaa ulikuwa umezoea. Mlinzi wa benki, ambaye kelele za mchana zilikuwa zimemnyima usingizi kwa miaka, aliomba kulala pembeni ya kitanda, maana usiku wa mle ulikuwa mzuri. Alasiri Ofisa wa Uhamiaji alifika na kimeza chake, akakiweka mlangoni, akamwomba Bibi radhi kwa usumbufu. Waliokuwa na pasi aliwagongea muhuri kwenye pasi. Wasio nazo aliwagongea mkononi na kuwaasa wasinawe ovyo.

Bibi alimsaidia kuhoji. "Umefuata nini, na unaondoka lini?" aliuliza kila aliyebisha hodi, jambo ambalo kwa kweli alikuwa akiliuliza tangu zamani. Jirani aliyekuja kuazima sufuria alinyimwa kibali, kwa kuwa sufuria ya mara ya mwisho ilizidisha muda wa kukaa.

Mchoraji hakupoteza wakati kushangaa. Alikwenda kuomba nafasi upya, na alipoulizwa anakoishi akajibu: ng'ambo. Mkurugenzi alikuja kuhakikisha mwenyewe. Alivuka kizingiti, masikio yakamziba, simu yake ikalia. Alisoma ujumbe mpaka mwisho, akageuka na uso umemchanua.

"Ka-ri-bu sa-na kwe-tu," alimwambia Mchoraji, polepole na kwa sauti kubwa.

Desturi ya Nyumba ya Wasanii ilikuwa kwamba kila msanii apokewe anapowasili, na dereva awe amenyanyua kibao chenye jina lake. Desturi haikuwa na msamaha. Dereva aliegesha gari mbele ya choo, akasimama hatua chache kutoka mlangoni, akanyanyua kibao.

"Ndiye wewe?"

"Acha mambo yako. Bango la duka la mjomba wako lilichorwa na nani?"

"Najua, dada, lakini lazima niulize. Haya, safari ilikuwaje?"

"Ndefu," alisema Mchoraji, akampa furushi la mashuka.

Kabla ya kumwonyesha ukuta, Mkurugenzi alimtembeza mjini, maana hiyo nayo ilikuwa desturi. Alimwonyesha soko, akamtahadharisha kuhusu mkoba. Alimfundisha kusema "asante", na Mchoraji alipoitamka bila kukosea, akamsifu kwamba ana sikio zuri la lugha. Mwisho alimpeleka kuona maisha halisi ya wenyeji, na hayo yalikuwa mtaani kwao. Fundi cherehani aliinua mkono. Bibi naye alipunga akiwa mlangoni, nusu yake ikiwa nchini.

"Watu hawa wanawapenda mno wageni," alieleza Mkurugenzi.

"Inaonekana," alisema Mchoraji.

Kila msanii alipandishiwa bendera getini. Yeye hakuwa nayo, kwa hiyo Bibi alilivua pazia la mlango akampa. Lilipepea vizuri kuliko zote, labda kwa kuwa lilikuwa limezoea upepo.

Ukuta ulikuwa kama alivyouota: mrefu, mweupe, na hauna kitanda. Mchongaji mmoja kutoka nchi ya mbali alimsaidia kujenga jukwaa la mbao, na Mchoraji akaanza kupigilia mashuka kutoka chini kwenda juu, pua ikigusa kitambaa. Hata alipomaliza hakuiona picha, kwa sababu jukwaa lilikuwa mbele yake. Jukwaa lingeondolewa siku ya ufunguzi.

Siku hiyo ilipofika, mtaa mzima ulivaa nguo zake nzuri na kuvuka barabara. Askari wa getini aliwazuia.

"Leo wageni tu. Wenyeji wiki ijayo, picha zikishatolewa."

"Tuje tutazame nini?" aliuliza Kinyozi.

"Ukuta. Ni mzuri, umepakwa rangi juzi."

Mchoraji alisikia yote kutoka juu ya jukwaa. "Hautoki ubao hata mmoja hapa," aliwaambia mafundi, "mpaka wenye sura zao waingie." Mkurugenzi alitazama saa. Alisema atasubiri kidogo, lakini giza likikaribia picha itashushwa ukutani hivyohivyo, bila kuonwa, kanuni ni kanuni.

Bibi ndiye aliyepata habari na kutoa amri. "Kila mtu apitie kwangu!"

Watu wa mtaa walirudi wakapanga foleni. Waliingia kwa mlango, wakazunguka kitanda, wakamruka Mlinzi aliyekuwa anakoroma, wakatoka kwa mlango uleule. Ofisa aligonga muhuri mpaka wino ukaisha, akaendelea na rangi nyekundu ya viatu vya kinyozi iliyobaki kwenye kopo. Bibi alitoka wa mwisho, akafunga mlango nyuma yake.

Askari alipoona mikono yote ile imegongwa mihuri, alifungua mageti mawili na kuwaomba msamaha kwa kuwachelewesha baada ya safari ndefu.

Jukwaa likabomolewa. Ukumbi ulijaa kelele za watu wanaojitafuta.

"We dada, mbona umenipunguza tumbo?" alilalamika Kinyozi.

"Shuka liliishia hapo."

"Basi usiniongeze. Niache hivyohivyo."

Muuza mkaa alisimama mbele yake mwenyewe. Walilingana. Walitazamana pua kwa pua, na mmoja akapepesa macho.

Mkurugenzi alipanda juu ya kiti kwa furaha. Alisema tangu Nyumba ianzishwe haijapata kupokea wageni wengi kiasi hiki. Alikuwa na sikitiko moja tu: hakumwona mwenyeji hata mmoja. "Watu wetu bado hawajaamka kisanaa," alisema. Kwa hiyo mwakani kanuni zingebaki zilezile.

Mtaa mzima ulitikisa kichwa kwa huruma.

"Wanatia aibu hao," alisema Kinyozi.

"Maskini, ndivyo walivyolelewa," alisema Bibi, akaanza makofi.

Mchoraji hakusikia. "Nipisheni jamani," alikuwa anasema, anarudi kinyumenyume, macho ukutani. Alirudi akipita katikati ya makofi, akakanyaga kiatu cha mtu, akaomba radhi bila kugeuka, akaendelea kurudi mpaka mgongo ukagonga ukuta wa pili. Hapo picha ikamwenea machoni. Mtaa wake ulikuwa umesimama mbele ya mtaa wake, vichwa kwa miguu, na hakuna hata mmoja aliyekatwa.