Mstari wa Tisa

...hapana, si macho yake mabovu, mtoto ameruka kweli, swali la tisa Yaritza ameliruka lakini mstari wa tisa kwenye karatasi ya majibu hakuuruka, jibu la kumi kalitia kwenye tisa, la kumi na moja kwenye kumi, na sasa yuko swali la ishirini na mbili anajaza viduara kwa raha zake, ulimi nje, lo, na nani aliyemfundisha kuruka kama si yeye mwenyewe, Mwalimu Lucinda Archuleta, aliyesimama ubaoni wiki nzima akirudia, swali gumu liruke, mwanangu, utalirudia, akasahau kuongeza, ruka na mstari wake, maneno manne tu... tembea, Lucinda, msimamizi wa mtihani haoti mizizi kwenye dawati moja, hasemi, haonyeshi kidole, umetia sahihi kiapo cha usimamizi, na Bi Quintana wa chumba cha pili yuko pale mlangoni kama msimamizi mwenzio, ananong'ona mbona umeganda, naye anamjibu mguu umekufa ganzi, uongo mtupu, mguu mzima kabisa... mwaka jana jina lake lilitoka kwa rangi nyekundu kwenye tathmini ya walimu, kompyuta ya jimbo ilikadiria alama za watoto wake zipande hivi, zikapanda pungufu, basi miaka kumi na tisa ya chaki ikawa nambari moja yenye nukta katikati, na Bwana Sandoval, mkuu wa shule, akafunga mlango wa ofisi taratibu, akasema, "Lucy, ikija nyekundu mara ya pili, mimi sina la kukutetea," halafu akamkaribisha burito, chapati ya kukunja yenye pilipili, naye akala, eti akala, akashukuru pilipili kwa kumpa kisingizio cha machozi... na Yaritza huyu Septemba hakuweza kusoma sentensi moja, juzi kamsomea bibi yake ukurasa mzima kwenye simu, bibi akalia, hilo kompyuta ililiona wapi... gonga dawati mara moja tu, kukohoa si kosa, mtoto ashtuke, aangalie, afute, haki yake, maskini, ni kwa ajili yake... yake nani? mtihani huu haumpandishi Yaritza wala haumrudishi, Agosti ataingia darasa la nne vyovyote vile, kibarua kitakachoota nyasi ni chako, Lucinda, sema kweli, ni chako... na kidole kimeshafika kwenye ubao wa dawati, Yaritza anainua uso, pengo la jino mbele, ananong'ona, "Usiogope, Mwalimu. Leo sikuangushi. Hawatakufukuza."

...nani kamwambia? nani kawaambia watoto wa miaka tisa? kumbe tangu asubuhi wameinama hivi, wote ishirini na wanne, wamembeba yeye mgongoni, ndiyo maana Mateo alitapika kabla hata karatasi hazijagawiwa, naye akadhani ni maziwa, aibu, aibu tupu, kidole kinarudi mfukoni, anamwitikia mtoto kwa kichwa, anatabasamu, Bi Quintana anauliza kasema nini, hakusema kitu, anasema, na anatembea, dawati la pili, la tatu, saa ya ukutani imesogea dakika nne, nyuma yake penseli inakwaruza, la ishirini na sita kwenye mstari wa ishirini na tano, nyekundu ikija na ije, Lucinda haombi tena nambari, anaomba tu huyu mtoto asije akajua habari ya mstari wa tisa...