Ufunguo wa Tatu

Mambo yaliharibika Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, radi ilipopiga nguzo kubwa ya umeme kule kilimani na mji mzima ukazimika kama mshumaa uliopulizwa. Fundi viatu alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya hospitali, kiatu cha kike magotini na misumari mdomoni. Kwa wengine umeme ukikatika, inanyamaza redio. Kwake yeye, binti yake wa pekee alikuwa juu ya meza ya upasuaji, na mtoto alikuwa hajatolewa.

Akatema misumari, akatoka mbio.

Tumwache akimbie kidogo, tuangalie alichovaa shingoni. Ulikuwa ufunguo, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Nyuma ya hospitali palikuwa na banda la bati lenye jenereta kuukuu na mapipa ya dizeli, na mlango wake ulikuwa na makufuli matatu. Ufunguo wa kwanza alikaa nao mwenyekiti wa halmashauri, mama mmoja mkavu ambaye mji mzima ulimwita Mkono wa Birika, maana kwake hata wino wa mhuri ulikuwa na mlinzi. Wa pili alikaa nao muuguzi mkuu. Wa tatu, kwa sheria aliyoitunga mwenyekiti mwenyewe, ulipewa raia anayeichukia halmashauri kuliko wote.

Mashindano hayakuhitajika.

Fundi alikuwa na haki ya kuchukia. Mke wake alipozidiwa, daktari alisema apelekwe hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, ila tangi lilikuwa kavu; waheshimiwa walikuwa wamelimaliza kwa safari zao za harusi na mazishi. Bandani mapipa yalikuwa yamejaa pomoni. Fundi alimpigia Mkono wa Birika magoti, akaambiwa yale ni ya jenereta, si ya gari. Alipopata gari la kuazima, mke wake alikuwa hahitaji tena gari la mtu. Tangu hapo, ukimpelekea kiatu ulirudi na soli mpya na matusi ya serikali juu yake.

Baadaye, siku moja, mwenyekiti alikuja barazani, akauweka ufunguo mezani kati ya gundi na sindano.

"Wa nini huo?"

"Wa banda. Ushike wewe."

"Kwani umeishiwa watu?"

"Watu wangu wananipenda, Fundi, na hilo ndilo tatizo. Siku nikilegea watanifungulia. Wewe hutanifungulia."

"Hata ukigaragara."

"Basi tumeelewana."

Aliupokea kama mtu aliyepewa fimbo ya kumchapia adui yake, na fimbo akaitumia kweli. Makamu mwenyekiti alikuja na tumbo lake mbele, jasho linamtoka.

"Fundi, ndugu yangu, msafara wa mheshimiwa umekwama. Pipa moja tu. Jumatatu linarudi."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

"Wewe ni adui wa maendeleo!"

"Maendeleo yenu mbona kila siku yanaishiwa mafuta? Mwambie mheshimiwa atembee. Viatu vikiisha avilete hapa, nitampigia soli."

Waliokuwa wakingoja viatu vyao walicheka mpaka wakashikana mabega. Makamu akarudi tena, mara taa za uwanja wa mpira, mara sherehe ya kuzindua jengo ambalo hata msingi halikuwa nao. Mara zote Fundi alisema hapana, kisha akaenda nyumbani kuiambia picha ya mke wake ukutani, "Leo nimewanyima tena, mama watoto." Akilini mwake alikuwa analipiza kisasi. Na jenereta ilipowashwa asubuhi ya kila Jumatano, kwa amri ya Mkono wa Birika, ili isishike kutu, moshi ukatua kwenye nguo zilizoanikwa, yeye, aliyekuwa amefungua kufuli lake mwenyewe, ndiye aliyepiga kelele kuliko akina mama wenye nguo: "Mnachoma mafuta bure!"

Basi, sasa amefika bandani. Mvua inapiga bati, muuguzi mkuu keshafungua kufuli lake. Mwenyekiti akatokea kwenye kona, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Kile kiatu kilichoachwa barazani kilikuwa chake, kilichotiwa soli mara nyingi hata fundi mwenyewe alikuwa anakionea huruma. Jozi nyingine hakuwa nayo.

Akafungua lake. Likabaki kufuli la tatu, na mkono wa Fundi ukakataa. Ufunguo uligonga chuma huku na huku kama jino la mwenye homa.

"Binti yangu yumo mle," alisema. "Mama, binti yangu yumo mle."

"Najua. Taratibu, baba. Nipe mkono." Mwenyekiti akamshika kifundo cha mkono, wakaupenyeza ufunguo pamoja.

Mapipa yote yalikuwepo. Jenereta ikakohoa, ikanguruma, na dirisha la chumba cha upasuaji likawaka njano katikati ya ile mvua. Fundi alikaa chini kwenye tope. Alikuwa bado hapo aliposikia sauti nyembamba, yenye hasira, inayolalamikia dunia nzima.

"Huyo wa ukoo wako," muuguzi alimwambia kutoka dirishani. "Kafika tu, keshaanza kugomba. Wa kike. Mama yake mzima."

Nguzo ilichukua wiki kadhaa kusimamishwa. Wagonjwa wa mji wa jirani waliletwa hapo juu ya mikokoteni, kwa kuwa kwao jenereta ilikwisha kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakajengewa lango zuri lenye maandishi ya kukaribisha wageni.

Fundi alivipeleka viatu ofisini kwa mwenyekiti, vimeng'arishwa. Akaviweka mezani.

"Ahsante, Mama Mwenyekiti. Nasema mara moja tu. Nimempakata mjukuu wangu asubuhi hii, ana mikono ya bibi yake. Ahsante."

"Nawe ahsante. Wewe ndiye uliyewakatalia. Mimi makamu angenizunguka." Alivaa kiatu, akakanyaga sakafu kukijaribu. "Kiasi gani?"

"Leo bure."

"Usinizoeshe vya bure, Fundi."

Fundi alicheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe. Akafika mlangoni, akarudi. Aliushika ule ufunguo kifuani.

"Nina swali, wala sikuulizi kwa ugomvi. Ugomvi umeisha, au umebaki kidogo tu. Wakati ule wa mke wangu, tangi la gari lilikaushwa na hawahawa waheshimiwa wako. Ungenifungulia banda siku ile, nikachota pipani ya kutufikisha tu, wakajua kwamba mlango wa banda kumbe hufunguka..."

Nje jenereta ilikuwa ikinguruma. Mwenyekiti alikuwa ameinama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Lile pipa, mama, lingejazwa tena, binti yangu akalikuta?"