Siku Nane za Mguu wa Mmanga

Mume wangu Mmanga alianguka mkarafuuni mwezi wa nane, mwaka ule wa uchaguzi, sitini na moja. Tawi lilikatika akaja nalo hadi chini, pakacha lake la karafuu lingali begani, halikumwaga hata punje moja. Nikamwambia pale pale, yeye kalala anaugulia, kwamba sijapata kuona mchumaji mwangalifu kama huyu. Hakucheka. Nikajua kaumia kweli.

Mganga wa viungo, Mzee Mbarouk wa Kengeja, aliuunga mguu wake uliovunjika na kuubana kwa vibanzi vya mianzi. Miezi miwili ikapita. Alipokuja kuvifungua, siku ya Ijumaa, aliupapasa kuanzia juu mpaka chini, akasema mfupa umeshika, kilichobaki ni mwenyewe kuukanyagia. Kisha akaniita uani, akashusha sauti. Asipokanyaga mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, goti litakaza na halitakunjuka tena, na hapo yeye asije akaitwa.

"Mchekeshe, bibi," akaniambia. "Kajikaza mwili mzima, kama anayengoja kuanguka mara ya pili."

Rahisi kusema. Mmanga alikuwa amegeukia ukuta tangu siku ya kwanza. Nikimsihi ajaribu, ananijibu neno moja au hanijibu. Mara moja tu alinieleza.

"Niliusikia ukivunjika, Mwanapili. Wewe hukuusikia."

Mie nimezika watoto wawili, nimeachwa mara moja, nyumba imeniungulia na vyombo vyote. Kote huko nimepita kwa mzaha, na watu wa hapa kijijini Wawi wananijua hivyo. Basi nikajiambia, siku nane, vichekesho vinane, nitamtoa kitandani huyu bwana. Ijumaa ile ile nikaanza na vile nilivyokuwa navyo, na havikufaa kitu.

Tabu ni kwamba mwaka ule kicheko kilikuwa adimu. Siasa ziliingia mpaka jikoni. Zamani wanawake tukichambua karafuu tulikaa jamvi moja, mikono inafanya kazi na midomo inafanya yake. Sasa majamvi yalikuwa mawili, kila chama na lake, na karafuu ikiruka kutoka huku kwenda kule hakuna wa kuiokota; tunaitazama tu, kama mtu aliyehama chama. Hilo nilimpelekea Jumamosi. Akajifunika shuka. Jumapili nikamwigizia Bi Mwatum, aliyekataa dawa ya kikohozi kwa kuwa chupa yake ilitoka duka la wale wa chama cha pili. Akaomba maji.

Jumatatu nikamwona ng'ombe.

Nyuma ya jiko letu palikuwa na majirani wawili, Vuai na Othman. Ni mashemeji, na ng'ombe wao ni wa shirika: Vuai humlisha asubuhi, Othman humpokea adhuhuri. Tangu uchaguzi, kila mmoja na chama chake, hawakuwa wakisemeshana. Siku hiyo nilikuwa nakuna nazi, nikamsikia Vuai akisema na mnyama.

"Ng'ombe, mwambie huyo anayekupokea kwamba jana kakurejesha na njaa."

Othman akashika kamba, naye akamtazama ng'ombe usoni. "Ng'ombe, mjibu huyo kwamba mwenye macho analiona tumbo lako."

Nazi niliiacha pale pale. Nikaingia ndani nikamhadithia Mmanga, sauti zote mbili nazifanya mie. Hakugeuka. Nikaokota sahani yake, nimefika mlangoni, nikamsikia.

"Ng'ombe alisemaje?"

"Alitoa mavi," nikamwambia. "Katikati yao."

Bega lake likatikisika, mara moja tu.

Tangu hapo kila adhuhuri nilijibanza nyuma ya jiko kama mpelelezi. Jumanne Vuai alimtuma ng'ombe kuuliza habari za mtoto wa Othman aliyekuwa mgonjwa, akapewa majibu kwamba homa imeshuka, akaambiwa arudishe shukrani. Jumatano alitumwa kuomba jembe. Mmanga sasa aliningoja, akaniuliza mwenyewe ng'ombe ana habari gani. Lakini nikiugusa mguu, anauvuta. Jumatano hiyo alipokuwa amelala nilijaribu kulikunja goti, polepole, likaja nusu likagoma. Nikarudisha shuka.

Alhamisi Vuai alimfunga ng'ombe kwenye mgomba na kwenda zake, Othman akaja akamfungua. Hakuna aliyesema neno. Niliwasubiri mpaka wakapotea wote na yule ng'ombe, kisha nikasimama uani natafuta la kutunga. Kutunga naweza. Ila kila nililolianza liliishia kwenye lile goti.

Nikaingia mikono mitupu.

"Leo sikuleta kitu," nikamwambia.

"Kwani vipi? Wamepatana?"

"Hawakusema. Na mie sina la kusema. Kesho Ijumaa, Mmanga. Naogopa."

Sikuwahi kumwambia mtu neno lile, hata nyumba ilipokuwa inawaka. Nikajikalia kwenye kizingiti nikampa mgongo, maana uso ulikuwa haunitii.

Kitanda kikalia. Alikuwa amegeuka, kauacha ukuta.

"Miezi miwili wewe unacheka tu," akasema. "Nikajua mwoga humu ndani ni mie peke yangu."

"Tuko wawili."

Akajiinua kwa viwiko. Kisha akaomba mchi wa kinu, aufanye mkongojo.

Nilimshika kwapani. Mguu mzima ulitangulia chini, ule mwingine ukaning'inia, haushuki. Nilihesabu pumzi zake, nane, tisa. Aliposhusha wayo na kuuegemea, goti lilitoa mlio, sote wawili tukaganda. Nikaona jasho linamtiririka shingoni. Mlio haukurudi. Akakanyaga tena, na tena, mpaka mlangoni, na hapo ndipo nilipoona nisichotaka kuona. Kila akiukanyagia mguu ule anazama upande mmoja. Umekuwa mfupi. Mkarafuuni huyu harudi tena.

Naye alikuwa ameona. Aliitazama miguu yake miwili kwa muda mrefu, kwa zamu, kama anayepima.

"Kipande kimebaki juu," akasema. "Waambie wachumaji wakikiona wanishushie."

Mie ndiye niliyestahili kucheka. Nilifungua mdomo, pakatoka kilio. Mmanga alisimama pale kwenye mwanga kashikilia mchi, anacheka peke yake, akazama, akainuka, akakanyaga hatua nyingine.