Firigisi na Fomu

Muhonja hakuwa na saa. Hakuwa na kikokotoo chake mwenyewe, wala sweta isiyotoboka viwikoni, wala ndugu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na hakumjua hata mtu mmoja anayeifanya kazi aliyoitamani. Ushauri hakuukosa. Ulimnyeshea kama mvua ya Kakamega, kila alasiri, atake asitake.

Ulikuwa mwaka wa 1994, naye alikuwa Kidato cha Nne. Shule ilipofungwa Aprili, kila msichana alipewa fomu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu. Ilikuwa na mistari minne. Aijaze kwa penseli, akubaliane na wazazi, apitishe kalamu juu yake, kisha aitume shuleni kwa posta kabla ya wiki mbili kwisha. Chuo kingeanza kusoma mstari wa kwanza. Ukichukuliwa kwa mstari huo, ndiyo maisha yako hayo.

Kabla ya kuondoka shuleni alimwendea Mwalimu Wanjala, mkuu wa mwongozo wa kazi. Cheo hicho alikipata kwa sifa adimu: ndiye mwalimu pekee aliyekuwa na kabati lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na chaki, mpira uliopasuka, na kijitabu kimoja kilichowasihi vijana wajiunge na kazi ya kupeleka simu za maandishi.

"Hesabu A, Fizikia B," Mwalimu alisoma kwenye ripoti yake. "Udaktari."

"Mwalimu, nikiona damu nazimia."

"Utazoea."

"Nisipozoea?"

"Basi sheria. Niitie anayefuata."

Nyumbani, baba yake, Andati, aliita kikao. Ingokho, kuku wa kienyeji, ikachinjwa, Muhonja akiwa nyuma ya jiko amefumba macho. Kuku akapikwa, na watu wote waliomwona amefumba macho wakaketi kumshauri. Kwa desturi firigisi ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote, naye alikuwa baba mkubwa Nehemiah. Mla firigisi husema kwanza. Kwa hiyo mstari wa kwanza ulikuwa wake.

"Udaktari," alisema huku akitafuna. "Mguu huu wangu umengoja daktari wa ukoo miaka tisa."

Mchungaji wa kanisa lao, aliyepewa mgongo, akachukua mstari wa pili: sheria. Andati, mwenye paja, akaweka ualimu, kwani walimu wana likizo. Muhonja akaachiwa mstari wa nne, pamoja na shingo.

Akaandika upimaji wa ardhi. Mwaka uliotangulia, wapimaji walipokuja kugawa shamba la miwa la marehemu babu yake, alishika ncha ya mnyororo wao wa kupimia, akawaonyesha mahali walipokosea kujumlisha. Alicheka peke yake siku nzima.

"Kuzunguka mashambani na kamba?" Nehemiah aliuliza. "Hiyo hata ng'ombe wangu anafanyanga."

Jumatatu Muhonja alikwenda mjini, kwenye ofisi ya upimaji. Askari wa mlangoni alimshauri asomee ukarani. Ndani alimkuta Bi. Jepkemboi, mpimaji, mwenye buti za matope, akila kiazi kitamu juu ya ramani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, madam. Nataka kujua kazi yenyewe."

Jepkemboi akaacha kutafuna. Katika miaka kumi na moja hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Keti. Asubuhi nabeba mtambo wa miguu mitatu kwenye umande. Mchana ndugu wawili wananionyesha mipaka miwili tofauti. Mwaka juzi nilikimbizwa na panga kwa sababu ya migomba mitatu. Jioni napiga hesabu, na zisipokubaliana narudi shambani. Bado unataka?"

"Zisipokubaliana, unajuaje kosa liko wapi?"

Jepkemboi akavuta karatasi na kumwonyesha. Ilichukua saa nzima. Kisha akasema, "Usiiache Fizikia ishuke. Pointi zisipotosha digrii, kuna diploma, usione haya. Unachokitaka kiweke juu, maana wanasoma kutoka juu. Na kila anayekuchagulia kazi, muulize mwenye kazi hiyo hufanya nini Jumatatu, asubuhi mpaka jioni."

Jumatano kikao kilirudi, na kuku wa pili. Muhonja alingoja firigisi itafunwe.

"Baba mkubwa, daktari akiamka Jumatatu anafanyanga nini?"

"Anavaa koti jeupe."

"Halafu?"

"Anaketi."

"Halafu?"

Nehemiah alifikiri sana. "Anaheshimiwa."

"Mpaka jioni?"

Mchungaji alikohoa. Alipoulizwa kuhusu wakili, aliomba chumvi. Ndipo Muhonja akawaeleza Jumatatu ya mpimaji, umande, panga na yote. Baba yake akaacha kula.

"Hata panga hukuogopa?"

"Niliogopa, baba. Lakini sikuzimia."

Andati akasukuma fomu na raba kuelekea kwa binti yake. "Andika wewe. Mtihani ni wako."

"Na neno langu?" Nehemiah alifoka. "Firigisi nimekula mara mbili!"

"Litakuwemo, baba mkubwa."

Likawemo. Upimaji ulipanda juu, ualimu na sheria vikafuata, na udaktari ukashuka mstari wa nne, ilipokuwa shingo. Nehemiah aliliona neno lake limepitishiwa wino, akaridhika kabisa; mistari hakuihesabu.

Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibiwa na unyevu. Muhonja akamega obusuma, ugali wa jana, kidogo, akaupaka ukingoni, akabana kwa kiganja mpaka ukashika. Kesho yake, kwenye posta ya Kakamega, aliitumbukiza mwenyewe, akasikiliza mpaka ikagonga chini.